Jenomu ya kijidudu: herufi inayogeuza "tia" kuwa "toa"

Juzi jioni nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa huku Majengo. Mbele yangu mama wa makamo, ana kikohozi, anavisukuma vidonge alivyowekewa kaunta. "Hivi vya rangi mbili usinipe, mwanangu. Mwili ushavizoea." Kijana akaitika kwa kichwa, akashusha boksi jingine la bei ya juu zaidi.

Maneno hayo utayasikia kuanzia Likoni hadi Kisauni, na yamekosea mahali pamoja tu: anayezoea si mwili. Ziko dawa ambazo mwili huzizoea kweli, za maumivu makali kama mofini. Lakini dawa ya kuua bakteria shabaha yake ni bakteria. Ikishindwa, huenda ugonjwa wenyewe ni wa virusi na dawa hiyo haikuhusika tangu mwanzo (vikohozi vingi ndivyo vilivyo), au kijidudu ndicho kilichobadilika. Huko kubadilika kumeandikwa ndani yake, katika kile wanasayansi wanachokiita jenomu.

Jenomu ni maandishi yote ya urithi ya kiumbe, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Kipande chenye maagizo ya kutengeneza kitu fulani ndicho jeni. Jenomu ya binadamu ina herufi kama bilioni 3. Ya bakteria wa kifua kikuu, iliyosomwa yote mwaka 1998, ina milioni 4.4. Ya kimelea cha malaria kali, Plasmodium falciparum, ina milioni 23 hivi. Virusi vya chikungunya, vinavyotumia U mahali pa T, vina herufi zisizofika hata 12,000, na bado vinamlaza mtu mzima kitandani.

Mashine nyingi haziwezi kuyasoma maandishi hayo kwa mkupuo mmoja. Chukua nakala ishirini za gazeti la leo, wape watoto wazichanechane, kila mmoja apendavyo. Kwa kuwa vipande vinapishana, ukiwa na subira utalipanga gazeti upya. Kompyuta hufanya hivyo hivyo, kisha hulinganisha kimelea cha mgonjwa na cha zamani, herufi kwa herufi.

Hapo ndipo penye utamu. Andika "tia dawa". Badilisha herufi moja: "toa dawa". Klorokwini, dawa ya malaria ya zamani, ilishindwa kwa mtindo huo.

Wazee wanaikumbuka klorokwini, ule uchungu wake na ule muwasho wa mwili mzima uliokukosesha usingizi. Kimelea kikishaingia katika chembe nyekundu ya damu hula himoglobini, ile inayoipa damu wekundu wake, na kuisaga ndani ya kifuko kama tumbo dogo. Mlo huo huacha taka yenye sumu, ambayo kimelea hujua kuizima. Klorokwini ilijikusanya mle ndani na kumzuia asiizime, akafa kwa taka zake mwenyewe. Sasa, ukutani mwa kifuko hicho pana mlango, na jeni inayoujenga huitwa pfcrt. Katika sehemu ya 76 ya maagizo yake, AAA ikawa ACA. Yako mabadiliko mengine yanayofuatana nalo, lakini hilo ndilo la msingi: mlango ukaanza kuitoa klorokwini nje. Mgonjwa anameza vidonge vyote, anawashwa usiku kucha, na kimelea kinamwaga dawa kama mtu anayefuta maji ya mvua sebuleni.

Mwaka 1998 Kenya iliiondoa klorokwini kwenye nafasi ya dawa ya kwanza ya malaria. Kilichofuata ndicho kinachonifurahisha mimi kuliko yote. Kilifi, kilomita kama 60 kutoka hapa Mombasa, watafiti wa KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) na shirika la Wellcome Trust walikuwa na damu ya wagonjwa iliyohifadhiwa mwaka baada ya mwaka. Walipozisoma zile herufi waliona vimelea vya "toa" vinapungua na vya "tia" vinarudi. Mlango uliogeuzwa una gharama kwa kimelea. Dawa ikiwa haipo tena, mwenye mlango wa kawaida anamshinda mwenzake kwa kuzaana. Malawi, walioiacha klorokwini mapema zaidi, mwaka 1993, waliliona jambo hilo hilo.

Bakteria wana ujanja zaidi ya huo. Hawasubiri tu herufi igeuke kwa bahati. Wengi wana vipande vya DNA (kemikali inayobeba herufi hizo) vilivyojikunja duara, plazimidi, ambavyo hupeana hata kama si wa jamii moja, kama jirani anavyompa jirani mapishi ya biriani. Mmoja wa tumboni akiwa na maagizo ya kuikata penisilini, kesho anayo mwingine.

Jenomu pia hueleza kijidudu kinavyoingia na kujificha. Kimelea cha malaria kina jeni kama 60 za jamii iitwayo var, na kila moja ni leso yake. Hujitanda moja kwa wakati, juu ya chembe ya damu aliyomo. Kinga ya mwili ikishaijua leso hiyo, baadhi yao wamekwisha jitanda nyingine. Leso hizo hizo ndizo zinazoigandisha chembe kwenye kuta za mishipa isipite kwenye wengu, inakochujwa damu mbovu.

Na chikungunya, ambayo jina lake lenyewe limetoka kwa Wamakonde, kwa jinsi inavyomkunja mtu? Mwaka 2004 ilizuka Lamu, ikashuka Mombasa, ikavuka hadi Komoro na kisiwa cha Réunion. Huku kwetu mbu wake ni Aedes aegypti, yule wa mapipa na matairi ya uani. Réunion mbu aliyejaa ni mwingine, Aedes albopictus. Herufi moja ikabadilika kwenye jeni ya ganda la kirusi, na mbu huyo akaanza kuambukizwa na kuambukiza kwa wepesi. Zaidi ya watu 200,000 waliugua kisiwani humo. Virusi vilivyotoka Lamu havikuwa na badiliko hilo. Lilijulikana kwa kulinganisha maandishi tu.

Usije ukadhani kila kipimo cha kisasa kinasoma jenomu nzima. Ile mashine ya GeneXpert wanayopimia makohozi kutafuta kifua kikuu hutazama kipande cha herufi 81 za jeni iitwayo rpoB, ambako usugu dhidi ya rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, hujitokeza, na jibu hutoka kwa saa mbili hivi. Kuwaotesha bakteria maabara huchukua wiki kadhaa. Lakini mashine hiyo husoma herufi, haiulizi kama mwenye herufi yu hai. Mtu aliyemaliza dawa na kupona anaweza bado kukohoa mabaki ya bakteria waliokufa, na mashine ikasema "wapo". Ndiyo maana, kufuatilia kama dawa zinafanya kazi, daktari hurudi kwa darubini na kuotesha makohozi, ya zamani hayo.