Gawio la asilimia 9 linatoka mfukoni mwa nani?

Anayekaribia kustaafu ana sababu nzuri ya kuzitazama hisa za umeme, maji, gesi, mabomba ya mafuta na barabara za kulipia. Uchumi ukiyumba watu huahirisha kununua gari, lakini hawaachi kuwasha taa. Tatizo ni kwamba uaminifu wa wateja haumfikii mwenye hisa moja kwa moja. Katikati wapo mdhibiti anayepanga bei, wakopeshaji wanaolipwa kwanza, na mitambo inayodai ukarabati kila mwaka. Ndiyo maana swali ninaloanza nalo kwa kila kampuni ni hili: pesa ya gawio inatoka kwa mteja, kwa mkopeshaji au kwa mwanahisa mpya?

Asilimia ya gawio haijibu swali hilo, kwa sababu ni gawio la mwaka kugawanywa kwa bei ya hisa, basi. Hisa ya 100 inayolipa 5 inatoa asilimia 5. Bei ikiporomoka hadi 62.5, asilimia inapanda kufikia 8, na hakuna aliyeongezewa hata senti. Kwa hiyo nailinganisha kampuni na wenzake wa kazi ileile na hatifungani za serikali za miaka 10 katika sarafu ileile. Ikiwa wenzake wanatoa 4 hadi 5 na yenyewe inatoa 8, nachukulia kwamba soko linatarajia gawio kukatwa, mpaka hesabu zinionyeshe vinginevyo.

Kampuni ileile, bei mbili

Chukua kampuni ya umeme inayodhibitiwa, kwa namba za mfano. Mali ambayo mdhibiti anaikubali katika kupanga bei ina thamani ya bilioni 10. Nusu imegharamiwa kwa mtaji wa wanahisa, nusu kwa mikopo. Mdhibiti anaruhusu faida ya asilimia 9.5 juu ya mtaji wa wanahisa, yaani milioni 475. Kampuni inagawa asilimia 65 ya hiyo, kama milioni 309, na kubakiza 166. Uchakavu wa mwaka, unaopunguza faida vitabuni bila pesa kutoka, ni milioni 400, na mpango wa ujenzi ni milioni 1,200.

Pesa ya ndani ni 475 jumlisha 400, sawa na 875. Ukitoa gawio inabaki 566. Ujenzi unataka 1,200, kwa hiyo pengo ni milioni 634. Mali inakua kwa 800 baada ya kutoa uchakavu, na ili uwiano wa nusu kwa nusu udumu, 400 zitakopwa na 400 zitakuwa mtaji wa wanahisa. Kati ya hizo 400, zilizobakizwa ni 166 tu. Zinazosalia, milioni 234, lazima zipatikane kwa kuuza hisa mpya.

Ikiwa kampuni nzima ina thamani ya bilioni 7 sokoni, hisa mpya ni kama asilimia 3.3 ya zilizopo. Mali imekua asilimia 8, kwa hiyo faida kwa kila hisa inakua karibu asilimia 4.5. Gawio ni asilimia 4.4 na linaweza kupanda kila mwaka. Hali ni nzuri.

Sasa bei ishuke nusu, thamani ya soko iwe bilioni 3.5. Gawio linaonekana tamu, asilimia 8.8. Lakini milioni 234 zilezile sasa zinahitaji asilimia 6.7 ya hisa mpya, na ukuaji kwa kila hisa unabaki karibu asilimia 1.2. Wateja, mitambo na mdhibiti ni walewale. Bei ya chini peke yake imeula ukuaji. Uongozi unabakiwa na njia tatu: kupunguza ujenzi, kuongeza deni au kukata gawio.

Ndiyo njia panda iliyoikuta Kinder Morgan, kampuni ya mabomba ya Marekani, mwishoni mwa mwaka 2015. Mapato ya mabomba yalitosha kulipa gawio, lakini hayakutosha kulipa gawio pamoja na ujenzi. Bei ya hisa iliposhuka, kuuza hisa mpya kukawa ghali, na kukopa zaidi kungehatarisha daraja lake la ukopaji, yaani alama inayowaambia wakopeshaji kama inaaminika kulipa. Gawio la robo mwaka likakatwa kutoka senti 51 hadi senti 12.5. Aliyekuwa anatazama kama mapato ya mabomba yanalipa gawio aliona usalama. Aliyeweka ujenzi kwenye hesabu aliona pengo.

Kuna kipimo kimoja kinachopotosha hapa. Ukitoa ujenzi wote kwenye fedha za uendeshaji, yaani pesa taslimu inayoletwa na biashara yenyewe, karibu kila kampuni ya umeme inayokua itaonekana haina uwezo wa kulipa gawio, na utazikataa zote, nzuri na mbovu. Kwa kampuni inayodhibitiwa, ninachopima ni sehemu ya faida inayogawiwa: asilimia 60 hadi 70 naiona salama, na ikivuka 75 nataka maelezo. Kwa mabomba na mitambo isiyopangiwa bei na mdhibiti, natoa gharama za ukarabati tu kwenye fedha za uendeshaji, kisha nagawa kwa gawio. Nataka angalau 1.3. Gharama hizo za ukarabati ni makadirio ya uongozi wenyewe, kwa hiyo zilinganishe na uchakavu ulioko kwenye hesabu. Zikiwa chini ya theluthi moja ya uchakavu mwaka baada ya mwaka, ama mitambo ni mipya sana au ukarabati unaahirishwa.

Soma pia idadi ya hisa za miaka mitano, si jumla ya gawio pekee. Mwaka 2024 National Grid, kampuni ya kusafirisha umeme ya Uingereza, iliuza hisa mpya kwa wanahisa wake kwa bei ya punguzo, ikakusanya karibu pauni bilioni 7, na gawio kwa kila hisa likapangwa upya chini kwa kuwa fungu lilelile liligawanywa kwa hisa nyingi zaidi. Aliyechangia pesa mpya alilinda mgao wake. Mstaafu anayeishi kwa gawio mara nyingi hana pesa hiyo ya kuchangia.

Deni

Nafanya hesabu mbili. Ya kwanza: fedha za uendeshaji, kabla ya mabadiliko ya madai na bidhaa ghalani, zigawanywe kwa deni halisi, yaani deni lote ukitoa fedha taslimu zilizopo. Asilimia 15 na zaidi inanipa utulivu. Chini ya 12, gawio liko kwenye foleni ya vitu vitakavyopunguzwa. Ya pili ni ratiba ya marejesho, ambayo huwa kwenye maelezo ya hesabu za mwaka. Deni la bilioni 10 lenye riba ya wastani ya asilimia 3.5, huku asilimia 15 ikiiva kila mwaka na kukopwa upya kwa 6.5, linaongeza riba ya milioni 45 mwaka wa kwanza na milioni 180 kufikia wa nne. Kama faida ni milioni 600, umeona ukubwa wake. Mdhibiti hurudisha sehemu ya gharama hiyo kwenye bei, lakini kwa kuchelewa, na mara nyingi hairudishi riba ya deni lililokopwa na kampuni mama. Kwa hiyo tenganisha deni la kampuni inayotoa huduma na la kampuni mama.

Riba inayopanda na kushuka na soko ni hatari zaidi. Algonquin, kampuni ya umeme na maji ya Kanada, ilikuwa na deni la namna hiyo riba zilipopanda mwaka 2022, na Januari 2023 ikakata gawio kwa asilimia 40.

Yasiyoonekana kwenye uwiano wowote

PG&E ya California ilisimamisha gawio Desemba 2017, baada ya moto wa nyika wa Oktoba, na Januari 2019 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Sheria ya jimbo hilo inaweza kuibebesha kampuni ya umeme fidia hata bila uzembe kuthibitishwa, ikiwa nyaya zake ndizo zilizowasha moto. Hawaiian Electric nayo ilisimamisha gawio Agosti 2023 baada ya moto wa Maui. Hakuna uwiano wa mwaka uliotangulia ambao ungekuonyesha hilo. Dawa ni kuweka kikomo, na mimi nakipima kwa mapato badala ya thamani: hisa za kampuni moja zisilete zaidi ya asilimia 5 ya gawio lako lote la mwaka. Ukipima kwa thamani, hisa yenye gawio kubwa hubeba mzigo mkubwa wa mapato yako bila wewe kugundua.

Barabara za kulipia, viwanja vya ndege na mitambo yenye mkataba wa muda vina mtego wake. Mkataba ukiisha mali hurudi serikalini, kwa hiyo sehemu ya kila gawio ni mtaji wako mwenyewe unaorudishwa kidogo kidogo. Ukinunua kwa 100, ukalipwa 9 kila mwaka kwa miaka 20 kisha sifuri, faida halisi ni kama asilimia 6.4. Mkataba ukibaki na miaka 12, ni asilimia 1.2 tu. Tafuta tarehe ya mwisho ya kila mkataba na upige hesabu ya wastani kwa uzito wa mapato.

Kodi ya zuio nayo isisahaulike. Marekani hukata asilimia 30 ya gawio la mgeni ambaye nchi yake haina mkataba wa kodi nayo. Uingereza haikati chochote kwenye gawio la hisa za kawaida. Kampuni za mabomba za Marekani zilizoundwa kama ubia ni mbaya zaidi kwa mgeni: malipo hukatwa kwa kiwango cha juu cha kodi ya mapato, na tangu 2023 mauzo ya vipande vyenyewe hukatwa asilimia 10 ya pesa yote, hata ukiuza kwa hasara.

Asilimia 4 inayokua au 7 iliyosimama?

Gawio la 4 linalokua asilimia 5 kwa mwaka huifikia 7 baada ya takriban miaka 12, na jumla ya pesa zilizopokelewa husawazika karibu mwaka wa 22. Kwa mtu wa miaka 75, hesabu hiyo inaitetea 7, na sioni aibu kumwambia hivyo. Lakini inadai 7 isiguswe miaka yote hiyo. Ikikatwa nusu baada ya miaka mitatu, ile ya 4 inaipita kwa jumla kufikia mwaka wa tisa, bado hujahesabu bei ya hisa iliyoanguka. Na bila kukatwa kabisa, mfumuko wa bei wa asilimia 4 huiacha 7 ikinunua vitu vya 3.9 baada ya miaka 15.

Kwa hiyo mstaafu mpya naona aweke sehemu kubwa kwenye zinazokua, na zile za asilimia 7 na zaidi zisivuke robo ya mapato. Awe pia na akiba ya fedha taslimu ya matumizi ya mwaka mmoja, asije akalazimika kuuza hisa pale gawio linaposimama. Kila hesabu za nusu mwaka zinapotoka, atazame idadi ya hisa, uwiano wa fedha kwa deni, na tarehe ya uamuzi ujao wa mdhibiti. Viwili vya kwanza vikizorota kwa vipindi viwili mfululizo, apunguze nusu ya hisa hizo kabla ya bodi kukutana, kwa sababu tangazo la kukata gawio likishatoka bei huwa imekwisha kuanguka.