VVT haiongezi ukubwa wa injini: inapanga muda wa kupumua

Wenye magari wengi wakiona herufi VVT (variable valve timing, yaani mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka na kufunga) kwenye mfuniko wa injini hudhani wana injini yenye nguvu za ziada. Ukweli ni kwamba mfumo huu kazi yake kubwa ni kuisambaza nguvu, ipatikane gari likiwa polepole na likiwa kasi pia.

Katika injini ya mipigo minne, kemshafti (mhimili unaofungua valvu, yaani milango ya hewa na moshi ya silinda) huzunguka mara moja kila krankshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) inapozunguka mara mbili. Krankshafti ikifika mizunguko 6,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufunga mara 50 kwa sekunde. Sasa, hewa nayo ina uzito. Ikishashika kasi haisimami ghafla. Huendelea kujisukuma ndani ya silinda hata pistoni ilipokwisha kuanza kupanda. Injini ikiwa kasi, basi, valvu ya kuingiza hewa ikichelewa kidogo kufunga, silinda hujaa vizuri zaidi. Lakini ucheleweshaji huohuo injini ikiwa polepole ni hasara: hewa haina msukumo, pistoni inairudisha ilikotoka, na gari linakosa mvuto mlimani.

Injini za zamani zilipangiwa muda mmoja tu, kwa hiyo mbunifu alilazimika kuchagua upande wa kuumia. Alfa Romeo walianza kuuza gari lenye mfumo wa kubadili muda huo mwaka 1980.

Katika mifumo mingi, gia inayozungusha kemshafti ina vyumba vidogo ndani yake. Kompyuta ya gari husoma sensa za krankshafti na kemshafti, kisha huiamuru valvu ndogo ya umeme ipeleke oili upande mmoja au mwingine wa vyumba hivyo. Presha ya oili huisogeza kemshafti nyuzi kadhaa mbele au nyuma. VTEC ya Honda, iliyoanza mwaka 1989, ni jambo jingine: yenyewe hubadili hata kimo cha valvu kufunguka.

Mfumo huu pia hugusa moshi. Gari likienda kwa mwendo wa wastani, kompyuta huziacha valvu za kuingiza na za kutoa zikae wazi pamoja kwa muda mrefu kidogo. Sehemu ya moshi hubaki ndani, joto la mwako hushuka, na oksidi za nitrojeni hupungua. Gari likisimama huku injini inaunguruma, hali hiyo huondolewa, la sivyo injini ingetetemeka.

Tatizo ni kwamba vyote hivi vinategemea oili. Njia zake ni nyembamba, na mara nyingi kuna kichujio kidogo cha wavu ambacho tope la oili iliyochakaa hukiziba. Dalili ni injini kutotulia, kukosa nguvu, kugonga kwa sekunde chache inapowashwa, na taa ya injini kuwaka. Kabla ya kununua kipuri, mwambie fundi apime kiwango cha oili, ahakikishe uzito wake (wepesi au ugumu wa kutiririka) ndio uliotajwa na mtengenezaji, na akisafishe kichujio hicho.