Mpigaji wa nguvu katika besiboli ni nani? Maana yake kupitia José Abreu

Mpigaji wa nguvu ni mchezaji anayelipwa ili mpira uende mbali. Mengine yote, kukimbia, kudaka, kurusha, akiyaweza ni heri, asipoyaweza atavumiliwa. Mara nyingi hupangwa kulinda besi ya kwanza (besi ni vituo vinne anavyozunguka mkimbiaji, cha mwisho kikiitwa nyumbani), mahali pasipohitaji mbio nyingi, au asilinde kabisa, kazi yake iwe kuingia, kupiga na kurudi kukaa benchi. Ni kama straika ambaye kocha hamuulizi kwa nini harudi kukaba, mradi nyavu zinatikisika.

Ugumu wa kazi yenyewe uko hapa. Mrushaji yuko umbali wa mita 18.44. Mpira wa gramu zipatazo 145 unakuja kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa, na mpigaji ana kama sehemu nne za kumi za sekunde kuuona, kuamua na kuzungusha gongo. Wapigaji wengi wanaridhika kuugusa tu, udondoke pasipo na mtu, nao wakimbilie besi ya kwanza. Huyu wa nguvu anataka uvuke ukuta, na kwenye uwanja wa klabu ya Chicago White Sox ukuta wa katikati uko mita 122 hivi kutoka anaposimama. Ukivuka hewani ni homurani: yeye na wenzake wote waliokuwa kwenye besi wanarudi nyumbani, na kila anayefika ni pointi moja. Besi zikiwa zimejaa, pigo moja linaleta pointi 4. Mechi iliyokuwa ngumu saa nzima inaisha hapo.

Gharama yake ni kukosa. Anayezungusha gongo kwa nguvu zote hupepeta hewa mara nyingi, na msimu wa kutolewa mara zaidi ya 100 kwa kukosa si aibu kwa mpigaji wa aina hii. Klabu inapiga hesabu na kuona bado inalipa.

Hesabu yenyewe si ya siri. Wastani wa kawaida wa kupiga unahesabu pigo lolote kuwa moja, liwe dogo liwe la kuvuka ukuta, kwa hiyo haumtofautishi mpigaji wa nguvu na yule wa kugusagusa. Kinachomtofautisha ni wastani wa besi. Mchukue José Abreu, Mkyuba, mwaka 2014, msimu wake wa kwanza na White Sox. Alipata nafasi rasmi 556 za kupiga, akapata mapigo 176, yaani wastani wa 0.317. Sasa yachambue mapigo hayo: 103 yalimfikisha besi ya kwanza, 35 besi ya pili, 2 besi ya tatu, na 36 yalikuwa homurani, ambayo kila moja ni besi nne. Ukijumlisha, 103 na 70 na 6 na 144, unapata besi 323. Gawanya kwa 556: 0.581. Hakuna aliyefikisha kiwango hicho mwaka ule katika ligi zote mbili kuu za Marekani. Alichaguliwa mchezaji bora mgeni, yaani wa msimu wa kwanza, wa ligi yake kwa kura zote.

Neno "mgeni" hapo linachekesha kidogo, maana mgeni huyo alikuwa na miaka 27. Na hapa ndipo, kwa maoni yangu, habari ya mpigaji wa nguvu kutoka Kyuba inapotofautiana na ya wenzake. Nguvu ya kupiga inategemea kasi ya mikono na macho, na vitu hivyo havidumu. Miaka yake minono huanza katikati ya ishirini na kitu na kuanza kufifia mtu akishapita thelathini. Abreu aliimaliza sehemu nzuri ya miaka hiyo kwao, akiichezea timu ya mkoa wa Cienfuegos alikozaliwa mwaka 1987. Msimu wa 2010–11 alipiga kwa wastani wa 0.453 na homurani 33, takwimu za mtu anayecheza na watoto.

Lakini Kyuba ilifuta michezo ya kulipwa mwaka 1961, na ligi ya taifa iliyoanza mwaka uliofuata iliendeshwa na dola. Kwa upande wa pili, vikwazo vya Marekani viliizuia klabu ya Marekani kumwajiri mkazi wa Kyuba. Mchezaji aliyetaka kujadili mkataba kama mtu huru ilimbidi atoroke, apate ukazi wa nchi ya tatu, kisha ndipo aanze mazungumzo. Agosti 2013 Abreu alivuka kwa boti hadi Haiti, akamwacha nyuma mtoto wake mdogo. Miaka baadaye, akitoa ushahidi katika mahakama ya Miami kwenye kesi ya waliokuwa wakiwasafirisha wachezaji kwa magendo, alieleza kwamba ndani ya ndege ya kwenda Marekani alichana ukurasa wa pasipoti ya bandia, akautafuna kidogo kidogo na kuushushia kwa bia.

White Sox walimpa dola milioni 68 kwa miaka sita, mkataba mkubwa kuliko wowote waliowahi kutoa hadi wakati huo. Aliwalipa. Mwezi wake wa kwanza tu alipiga homurani 10. Agosti 2020, dhidi ya majirani zao Cubs, alipiga homurani katika zamu nne mfululizo, na mwaka huo wa korona, wenye mechi 60 tu, akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Jezi yake ilikuwa namba 79, namba ambayo karibu hakuna anayeivaa. Mama yake ndiye aliyemshauri, ili watu wasimsahau.

Mwaka 2022 ndio unaofundisha zaidi kuliko ule wa tuzo. Abreu, akiwa na miaka 35, alipiga kwa wastani wa 0.304, mzuri kabisa, lakini homurani zilikuwa 15 tu. Wastani wa besi ulishuka hadi 0.446. Bado alikuwa mpigaji hodari, ila nguvu ilikuwa inamwishia. Houston Astros walimsajili hata hivyo kwa miaka mitatu, dola milioni 58.5. Mwaka 2023 homurani yake ya kwanza huko ilisubiri hadi mwishoni mwa Mei. Alifufuka kwenye mechi za mtoano akapiga 4, watu wakasema huyo karudi. Hakuwa amerudi: mwaka 2024 alifikia wastani wa 0.124 na homurani 2, na mwezi Juni klabu ikamwacha, huku mkataba ukiwa bado na mwaka mzima mbele.

Kwenye chumba kilekile cha Houston alikuwepo Mkyuba mwingine, Yordan Alvarez wa Las Tunas, anayepiga kwa mkono wa kushoto. Yeye aliondoka Kyuba akiwa kijana mdogo. Mwaka 2019, akiwa na miaka 22, alipiga homurani 27 katika mechi 87, na yeye pia akawa mchezaji bora mgeni kwa kura zote. Mwaka 2022, huku Abreu akimalizia Chicago na homurani zake 15, Alvarez alipiga 37, akasaini mkataba wa dola milioni 115, na katika mechi ya sita ya fainali akaupeleka mpira wa pointi tatu juu ya katikati ya uwanja, Houston wakachukua ubingwa. Alikuwa na miaka 25. Abreu katika umri huo alikuwa bado Cienfuegos, akilipwa mshahara wa serikali.