Kalipa Haijahama: Dhana Potofu Kuhusu Breki za Diski Zinazosugua

Baiskeli ya milimani iliyoletwa kwangu juzi ilikuwa ya nne ndani ya mwezi mmoja kuja na ugonjwa uleule. Vichwa vya bolti za kalipa, yaani kile kibano kinachozikandamiza pedi za breki kwenye diski, vimeliwa hadi ufunguo unazunguka bure, kalipa imekaa kombo, na diski bado inalia shwi, shwi, shwi kila gurudumu likizunguka. Mwenye nayo hakuwa na shaka hata chembe: "Fundi, kalipa inahama. Nimeipanga mara sita, inarudi palepale."

Nikaitelemsha kwenye stendi, nikaisimamisha chini kwa magurudumu yake, nikalegeza kwikirilizi ya mbele (ile ekseli ya kufunga na kufungua gurudumu kwa wenzo) na kuuegemea usukani kwa uzito wangu. Ekseli ikazama *tak* ndani ya foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Ilikuwa imeelea upande mmoja, kiasi cha unene wa kadi. Mara zote sita alikuwa ameipanga kalipa ifuate gurudumu lililokaa vibaya, kisha kila akilitoa gurudumu na kulirudisha, lilikaa vingine. Kalipa ya watu imesingiziwa.

Dhana: "Breki ikisugua, legeza bolti mbili, bana breki, kaza. Basi."

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, na inakera kwa sababu ina nusu ya ukweli ndani yake. Mbinu yenyewe ni halali. Ukilegeza kalipa na kubana mkono wa breki, pistoni, vile vibonyezo vya ndani ya kalipa, zinasukuma pedi zote mbili kwenye diski, na kalipa inateleza hadi ikae pale pistoni zinapotaka. Kosa ni kuifanya dawa ya kila homa. Mbinu hii inaamini kwamba gurudumu limekaa sawasawa, diski imenyooka, na pistoni zinatoka kwa kiwango kimoja. Lolote kati ya hayo likiwa si kweli, unachokifanya ni kuipanga kalipa ifuate kosa, halafu unakaza kosa hilo kwa bolti.

Kabla ya kushika ufunguo, sikiliza. Inua gurudumu, lizungushe polepole. Sauti ikija mara moja kwa kila mzunguko, mahali palepale, diski imepinda na hakuna namna ya kuisogeza kalipa itakayoinyoosha. Ikisugua mfululizo bila kukatika, hapo ndipo unapoweza kuishuku kalipa au pistoni. Ikisugua tu unapokata kona au unaposimama kwenye pedeli, shika gurudumu kwa juu ulitikise kushoto na kulia: ama beringi za habu, yaani kitovu cha gurudumu, zimelegea, ama ekseli haikukazwa. Ikianza baada ya mteremko mrefu na kunyamaza baada ya dakika chache, ni joto. Diski ya moto hutanuka na kujikunja kidogo, ikipoa inarudi. Usiiguse kupima, inaunguza ngozi.

Sasa gurudumu. Lifunge baiskeli ikiwa imesimama chini, si ikiwa imening'inia. Kwa kwikirilizi hili si suala la mapenzi, kwa sababu uzito wa baiskeli ndio unaoikalisha ekseli mahali pake. Ekseli za kupenya, zile zinazopita ndani ya habu na kukazwa kwa nyuzi za skrubu, zina nafuu kubwa, lakini nazo hubadilisha nafasi ya diski zikikazwa leo kwa nguvu na kesho kwa uvivu. Nyingi zimeandikwa kiwango cha kukaza kwenye kichwa chenyewe. Kisome.

Tukitoka hapo tunafika kwenye pistoni, na hapa ndipo ninapowaomba wateja wangu wanisikilize kwa makini. Watu wengi wanadhani ndani ya kalipa ya breki za mafuta kuna springi inayorudisha pistoni nyuma. Springi iliyopo ni ile nyembamba ya kutenganisha pedi, na kazi yake ni ndogo. Kinachorudisha pistoni ni sili, pete ya mpira yenye mkato wa mraba inayoizunguka. Ukibana breki, sili inajipinda pamoja na pistoni. Ukiachia, inajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kwa kiasi kilekile ilichojipinda. Ni sehemu tu ya milimita. Pedi zikilika, pistoni huteleza mbele kidogo kwenye sili na kuanza upya kutoka hapo, ndiyo maana breki hizi hujirekebisha zenyewe.

Fikiria basi pistoni moja imeganda kwa vumbi na tope lililokauka, na mwenzake ni safi. Ukibana, ile safi inakimbia, ile chafu inabaki. Pedi ya upande mmoja inaifikia diski kwanza na kuisukuma hadi ikutane na ya pili. Weka karatasi nyeupe chini ya kalipa, washa tochi, chungulia kwa juu huku ukibana taratibu. Utaiona diski ikilala upande kama jani linalosukumwa na upepo. Ukiiachia pistoni hiyo mvivu ipangie kalipa mahali pa kukaa, leo itanyamaza, lakini wiki ijayo pistoni itaganda mahali pengine na wewe utarudi kusema kalipa imehama.

Dawa yake ni usafi. Toa gurudumu, toa pedi. Bana mkono kidogo kidogo hadi pistoni zitoke milimita mbili tatu, zisizidi, maana ikichomoka kabisa mafuta yote yanamwagika na una kazi nyingine. Ile inayokimbia izuie kwa kipande cha plastiki, kama kile cha kutolea tairi, ili mvivu alazimike kutoka. Futa ukingo wake pande zote kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili, paka tone la mafuta ya breki hiyohiyo, rudisha ndani kwa plastiki, bana tena, rudisha tena. Baada ya mara tano au sita zitaanza kutembea pamoja. Malizia kwa kufuta mabaki yote ya mafuta kabla pedi hazijarudi. Bisibisi usiilete karibu. Pistoni nyingi ni za kauri au plastiki ngumu, na ukiimegua ukingo, kalipa hiyo itaanza kuvuja.

Nimesema mafuta ya breki hiyohiyo, na nina maana yangu. Shimano hutumia mafuta ya madini. Breki nyingi za SRAM hutumia DOT, mafuta ya aina ya breki za magari. Ukichanganya, sili zinaharibika na mfumo mzima unakwenda na maji. Aina imeandikwa kwenye mkono wa breki au kwenye kifuniko cha tangi lake.

Baada ya yote hayo, na si kabla, panga kalipa. Mimi siku hizi hata sibani mkono, napanga kwa macho. Nalegeza bolti kiasi tu cha kalipa kusogea kwa kidole, naweka karatasi nyeupe nyuma, natafuta mistari miwili ya mwanga, mmoja kila upande wa diski, yenye upana unaolingana. Kisha nakaza bolti hii robo mzunguko, ile robo mzunguko, kwa zamu, huku nikichungulia. Ukikaza moja yote kwa mkupuo, kichwa chake kinapoiuma washa, ile pete bapa iliyo chini yake, huizungusha kalipa nacho, na mistari yako ya mwanga inakufa mbele ya macho yako. Grisi kiduchu chini ya kichwa cha bolti inapunguza tabia hiyo. Kiduchu, na mbali na pedi. Shimano wanataka Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 6 hadi 8 kwa bolti hizi, na si uzito wa mwili wako wote ukining'inia kwenye ufunguo. Yule wa vichwa vilivyoliwa alikuwa akikaza "hadi isiwezekane kusogea tena", kwa maneno yake.

Kuna breki ambazo mbinu ya kubana na kukaza inazidanganya tangu mwanzo, nazo ni zile za waya zenye pedi moja inayotembea. Humo pedi ya nje inaisukuma diski kwenye pedi ya ndani ambayo haitembei kabisa. Ukilegeza kalipa na kubana, pedi iliyotulia inavutwa hadi inabusu diski, na ukikaza hapo itaibusu milele. Breki hizo nyingi zina skrubu ya kusogeza pedi ya ndani. Ingiza pedi kwanza, bana, kaza kalipa, halafu rudisha skrubu nyuma kidogo hadi diski iwe huru.

Dhana: "Rimu imepinda, ndiyo maana breki inasugua."

Hapana. Hii ni kumbukumbu ya breki za rimu. Diski imefungwa kwenye habu, na rimu inaweza kuyumba kama mlevi bila diski kujua habari. Nyoosha spoku zako kwa sababu nyingine, zipo nyingi, lakini usinilipe kuzinyoosha ili breki inyamaze.

Dhana: "Diski iliyopinda ni ya kutupwa."

Iliyokunjika hadi unaiona kutoka upande wa pili wa chumba, tupa. Iliyopinda nusu milimita inanyooka kwa mkono ikiwa baridi. Zungusha gurudumu polepole, tia alama kwa kalamu mahali inapogusa pedi, zungusha alama itoke nje ya kalipa, ishike kwa kifaa cha kunyooshea diski au spana malaya iliyosafishwa mafuta kabisa, na uivute kidogo kuliko unavyofikiri inahitaji. Rudia. Wanaoharibu ni wale wanaotaka kumaliza kwa mvuto mmoja.

Kabla ya kuhangaika nayo, ipime unene. Diski ya Shimano ikiwa mpya ina milimita 1.8, na ikifika 1.5 muda wake umekwisha hata ingenyooka kama rula. Angalia pia bolti zake sita, au ringi ya kufungia kwa zile zinazofungwa kwa ringi moja katikati. Diski iliyolegea husugua na kugonga, na nimeona watu wakihangaika na kalipa saa nzima wakati tatizo liko kwenye habu.

Dhana: "Pulizia mafuta kidogo, kelele itaisha."

Itaisha, na breki nayo itaisha. Pedi hunywa mafuta kama sifongo. Kuna wanaozichoma kwa moto na wanaozisugua kwa msasa hadi zibaki karatasi. Msasa unafaa kwa pedi iliyong'aa juu tu, lakini ikishazama mafuta ndani, nunua mpya. Diski ifute kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa safi, si kile ulichofutia mnyororo. Na ukipaka mnyororo mafuta ya kupulizia, funika diski ya nyuma kwanza, maana nusu ya pedi zilizolowa ninazoziona zililowa siku hiyo.

Dhana: "Mkono umelegea, kwa hiyo kalipa haijakaa sawa."

Mkono unaobonyea kama mpira na kuwa mgumu ukipampu mara mbili tatu una upepo ndani ya mfumo. Toa upepo. Hakuna bolti ya kalipa inayotoa upepo. Ila ukiwa mgumu kupita kiasi na gurudumu halirudi mahali pake, huenda mtu alibana breki gurudumu likiwa nje na pedi zimekutana. Zitenganishe kwa plastiki taratibu. Ukisafirisha baiskeli bila gurudumu, weka kipande cha plastiki katikati ya pedi. Hata kadibodi iliyokunjwa inatosha.

Dhana: "Breki nzuri haigusi kabisa."

Nafasi kati ya pedi na diski haifiki nusu milimita kila upande. Punje moja ya mchanga inatosha kuleta sauti, na baada ya kupita kwenye tope utaisikia hadi tope likauke na kudondoka. Pedi mpya nazo huwa na makelele yao hadi zizoee diski: shika mwendo wa wastani, punguza hadi karibu kusimama bila kusimama, rudia kama mara ishirini, kisha ndipo uhukumu. Gurudumu likizunguka kwa uhuru likiwa juu na kusimama lenyewe polepole bila kukwama, *ting* ya mara moja moja iache ilie. Kuna mteja aliyenirudishia baiskeli siku moja tu baada ya kuichukua, akiapa kwamba bado inasugua. Ilibidi nizime redio, tukainama wote wawili na kushikilia pumzi, ndipo tukaisikia.