Nani alimletea mtoto mafua?

Mama aliyelazwa wodini na mtoto wa miezi mitatu, mbavu zikibonyea kila mtoto anapovuta pumzi, huwa ana jibu lake tayari. Ni baridi ya alfajiri. Ni feni. Ni wifi aliyekuja kumwona mtoto huku akipenga kamasi. Mimi si daktari wa wodi, ni mtu wa takwimu za magonjwa, lakini swali linalonipa riziki ni hilohilo la mama: virusi hivi vimetoka kwa nani, na vimepita kwa akina nani mpaka vikamfikia huyu?

Nazungumzia RSV, virusi vinavyoshambulia njia ya hewa. Kwa mtu mzima mwenye afya, mara nyingi ni mafua ya siku chache, unakunywa chai ya tangawizi na kazi inaendelea. Kwa mtoto mchanga hushuka hadi kwenye vijia vyembamba vya mapafu na kuviziba. Karibu kila mtoto huwa ameshavipata anapofikisha miaka 2, na wanaoumia zaidi ni wale ambao hawajafika miezi sita. Kwa mwaka 2019 peke yake, makadirio ni kwamba viliua watoto zaidi ya 100,000 wa chini ya miaka 5 duniani, karibu wote katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Nitaeleza kwa mfano wa Kilifi, pwani ya Kenya, kwa sababu ni sehemu mojawapo chache ambako virusi hivi vimefuatwa hadi uani kwa watu.

Msingi wa yote ni rejesta. Tangu 2000, watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na wenzao wa Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya, wamekuwa wakitunza orodha ya wakazi wa eneo la takriban kilomita za mraba 890 kuzunguka hospitali ya Kilifi, watu wanaokaribia 300,000. Wahudumu hupita nyumba kwa nyumba wakiandika nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama, nani kaolewa Malindi. Ni kazi ya jua kali na vumbi, haina sifa, na wafadhili huichoka haraka kuliko mashine mpya za maabara. Lakini ukiniambia hospitali imepokea watoto 50 wenye RSV, swali langu la kwanza ni: 50 kati ya wangapi? Bila rejesta huna la kunijibu.

Kuanzia 2002 watoto waliolazwa hapo kwa nimonia wamekuwa wakipimwa RSV. Takwimu hizo zinaonyesha msimu vizuri sana: mara nyingi wimbi hujikusanya mwishoni mwa mwaka, kaskazi inapoanza kuvuma, na wodi hujaa miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata. Ukitaka kujua lini, hospitali inatosha. Ukitaka kujua kwa nani, haitoshi hata kidogo, maana mtoto aliyelazwa mara nyingi ndiye wa mwisho kwenye mlolongo. Waliomtangulia hawakuugua vya kutosha kutafuta daktari. Wengine hawakuugua kabisa.

Ndipo wazo likaja la kwenda nyumbani kwao. Msimu wa 2009 kuingia 2010, kwa miezi sita, zilifuatwa kaya 47 zenye watu 493. Kaya hapa ni watu wanaokula kutoka jiko moja, na kila moja ilikuwa na mtoto mchanga mwenye kaka au dada aliyemtangulia ambaye naye bado ni mtoto. Mara mbili kwa wiki kila mtu alichukuliwa sampuli ya pua. Sisemi kila mgonjwa, nasema kila mtu: babu mzima wa afya, mama anayepara samaki, kijana anayejiandaa kwenda kazini.

Anayejua swabu ya pua ilivyo ataelewa ukubwa wa jambo hili. Kijiti chembamba chenye nyuzi laini nchani kinapita puani hadi nyuma kabisa, unakizungusha taratibu, macho ya mtu yanajaa machozi, unakitoa, unakitumbukiza kwenye kichupa chenye dawa ya kuhifadhia, unabandika namba, unaweka kwenye boksi la barafu. Mtu mzima huvumilia. Mtoto wa miaka minne huvumilia mara ya kwanza kwa sababu hajui. Mara ya pili akiiona pikipiki ya mradi tu, ameshapotelea mgombani. Bibi wa nyumba ndiye anayeamua kama kazi itaendelea, na ukikosa adabu kwake, hata barua ya ridhaa yenye sahihi zote haitakusaidia. Pamoja na hayo, mwisho wa msimu zilikuwa zimepatikana sampuli 16,928.

Matokeo ndiyo yanayonifanya niwe mbishi kila ninapoulizwa kuhusu "idadi ya wagonjwa". RSV viliingia kaya 40 kati ya zile 47. Watu 179 walivipata, na kwa kuwa wengine walivipata zaidi ya mara moja, maambukizi kwa jumla yalikuwa 205. Kati ya hayo, 86 hayakuwa na dalili yoyote: hakuna kikohozi, hakuna kamasi, hakuna homa. Hiyo ni asilimia 42. Mtu anayepima wanaokohoa tu angekosa maambukizi mawili kwa kila matano, kisha angechora ramani ya nani kamwambukiza nani ikiwa na mashimo asiyojua kwamba yapo.

Na mtoto mchanga? Zaidi kidogo ya nusu ya wachanga walioambukizwa walivipata kutoka kwa mtu wa nyumbani mwao. Ukirudi nyuma kumtafuta aliyeanza kuwa navyo ndani ya nyumba, mara nyingi humkuti wifi wala baba anayetoka mjini. Unamkuta mtoto mkubwa, na mara nyingi sana ni yule anayekwenda shule. Anarudi saa saba na mkoba mgongoni, anatua mkoba, anambeba mdogo wake na kumbusu. Huwezi kumlaumu. Kwenye uchunguzi mwingine wa Kilifi, watu 568 waliandika walikutana na akina nani kwa siku moja. Wastani ulikuwa karibu watu 18 kwa siku, na sehemu kubwa ilikuwa kukutana kwa kugusana kabisa. Ndivyo tunavyoishi.

Hadi hapa tunategemea tarehe peke yake: huyu alionekana na virusi Jumatatu, yule Alhamisi, basi huenda vilitoka kwa huyu kwenda kwa yule. Ushahidi huo una udhaifu, kwani wote wawili wanaweza kuwa wamevitoa madrasa. Hapa ndipo jenomu, yaani maandishi yote ya urithi ya kirusi, inapoingia, na ndipo pananoga kwangu.

Jenomu ya RSV ina herufi kama 15,000. Virusi vinapojinakili hukosea, na makosa hayo hurithiwa. Katika virusi 131 vya kundi A, moja ya makundi mawili ya RSV, vilivyosomwa jenomu nzima kutoka kaya tisa za utafiti huohuo, zote ndani ya eneo la kilomita za mraba 12, kasi ya mabadiliko ilikadiriwa kuwa kama 2.3 kwa kila herufi elfu kwa mwaka. Fanya hesabu: 15,000 mara 0.0023 ni karibu herufi 35 kwa mwaka, yaani takriban tatu kwa mwezi.

Tatu kwa mwezi zinatosha kutofautisha nyumba na nyumba. Katika kaya saba kati ya tisa zilionekana alama za nyumba hiyo peke yake, ambazo majirani hawakuwa nazo. Mara nyingi kirusi cha aina moja kiliingia mlangoni, kisha kikazunguka humohumo kikiokota makosa yake. Wangesoma jeni moja tu, ile ya G, ambayo ni kipande kimoja cha jenomu, kama ilivyokuwa desturi, wangeona alama za namna hiyo kwenye kaya moja tu. Lakini fanya hesabu ya upande wa pili pia. Dada akimwambukiza mdogo wake baada ya siku tano, uwezekano mkubwa ni kwamba nakala za wote wawili zitakuwa sawasawa, herufi kwa herufi. Jenomu haitakuambia nani alianza. Unarudi kwenye tarehe, na tarehe unazo kwa sababu mtu alikwenda na boksi la barafu mara mbili kwa wiki. Ndiyo maana nachukia kuwasikia watu wakisema siku hizi mashine imeondoa haja ya kwenda nyanjani.

Kwa safari ndefu, hata hivyo, jenomu haina mpinzani. Mwaka 2010 huko Ontario, Kanada, ilionekana RSV ya kundi A iliyorudia kipande cha herufi 72 ndani ya jeni ya G. Alama kubwa kiasi hicho huwezi kuikosa. Ikapewa jina ON1. Mwaka 2012 ilikuwa imeshafika kwenye pua za watoto waliolazwa Kilifi, na uchambuzi ulionyesha kwamba iliingia zaidi ya mara moja, kwa njia tofauti. Kwenye wimbi la kwanza ilikuwa bado mgeni. Wimbi la pili likaja, ikawa imeshaisukuma pembeni aina ya GA2 iliyokuwa mwenyeji. Kanada hadi pwani ya Kenya, miaka miwili, bila mtu yeyote njiani kujihisi anabeba zaidi ya mafua.

Kuhesabu wanaoonekana tu si kosa la RSV peke yake. Waliofuatilia Korona mwaka 2020 watakumbuka taarifa ya kila jioni: kesi kadhaa, kaunti fulani. Hadi mwisho wa Mei, Kenya ilikuwa imetangaza kesi zipatazo 2,000. Wakati huohuo damu ya wachangiaji 3,098 ilipimwa kingamwili, yaani askari wa mwili wanaobaki kwenye damu ya aliyeambukizwa, na baada ya marekebisho ya umri, jinsia na mahali, makadirio ya nchi yakawa asilimia 4.3, Mombasa asilimia 8. Katika nchi ya watu zaidi ya milioni 47, hiyo si habari ya watu elfu mbili. Wachangiaji damu si mfano kamili wa wananchi wote, na watafiti walilisema hilo wenyewe, ila damu yao ilikuwa karibu na ukweli kuliko taarifa ya jioni.

Nirudi kwa mama na mtoto wake. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza nchi zitumie chanjo ya RSV kwa mjamzito katika miezi ya mwisho, ili mtoto azaliwe na kingamwili za mamake, au sindano ya kingamwili kwa mtoto mwenyewe. Naiunga mkono mikono miwili. Lakini angalia inakaa wapi kwenye mlolongo: inamkinga wa mwisho tu. Kaka yake wa darasa la pili ataendelea kuvileta nyumbani kama kawaida, kwa kuwa chanjo ya kumpa yeye bado hatuna.

Kwa hiyo chanjo ikishaanza kutolewa kwenye kliniki zetu za wajawazito, sitaanza kwa kuangalia kama idadi ya waliolazwa imeshuka. Nitaangalia umri wao. Wakipungua wa miezi mitatu huku wa miezi minane na tisa wakibaki palepale, kinga ya mama inafanya kazi kwa muda wake, na RSV bado vinapiga hodi kila msimu. Wa miezi minane wakianza kuongezeka, tutakuwa tumeusogeza ugonjwa mbele tu. Hata hilo ni faida, maana mapafu ya miezi minane yana njia pana kidogo, lakini itabidi tujue hivyo mapema, na kwa hilo wodi lazima iendelee kupima kila mtoto, hata baada ya mradi kufungwa.