Je, wajua kwa nini mgeni wa usiku mmoja huandikwa kitabuni?

Ukishuka basi Nyegezi, stendi ya mabasi jijini Mwanza, saa nne usiku na kuingia gesti ya jirani, kabla ya ufunguo unasogezewa kaunta buku lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Jina, kabila, kazi, utokako, uendako, namba ya kitambulisho, saini. Lakini ukipanga chumba mtaa huohuo kwa miezi sita, hakuna anayekuletea kitabu. Kwa nini?

Mpangaji wa miezi ana watu wanaomjua. Anajitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa, na haichukui muda muuza chapati atakuwa anamwita kwa jina. Mgeni wa usiku mmoja hana mjumbe wa mtaa wa kumtambua. Alfajiri yuko bandarini anasubiri meli ya Ukerewe. Kitabu kinasimama badala ya mtaa. Likitokea la kutokea, polisi wanaanzia hapo, na ndugu wanaomtafuta vilevile. Hapo hapo halmashauri inaona vyumba vingapi vimelaliwa, maana nayo ina ushuru wake wa nyumba za wageni. Mwanza ina wilaya mbili za mjini: Nyamagana unalipa Jiji, Ilemela unalipa Manispaa.

Kwa hiyo mwenye apatimenti ya Capri Point au Kirumba anayepokea wageni wa siku mbili tatu kupitia simu anajidanganya akisema "napangisha tu nyumba yangu". Kumlaza mtu kwa malipo ya siku ni biashara ya malazi. Inataka TIN, yaani namba ya mlipakodi, leseni, ambayo siku hizi huombwa mtandaoni kupitia TAUSI, mfumo wa halmashauri, na ukaguzi wa afisa afya.

Huo ukaguzi wengi huuona usumbufu, mimi naona ndio wenye uzito kuliko yote. Mwanza ni mawe. Shimo la choo mlimani halichimbiki likaenda chini. Nyumba iliyojengewa watu wanne ikianza kulaza kumi, shimo linafurika, na majitaka ya mlimani hayana pa kwenda ila kushuka ziwani. Na maji ya bomba tunayokunywa yanavutwa humo humo ziwani, chanzo kimojawapo kikiwa Capri Point yenyewe.

Ndiyo sababu pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukiuziwa kiwanja cha "gesti ya ufukweni", nenda na futi kamba, uanzie kupima kwenye maji.