Hatusajili Nyuki, Tunasajili Mahali Walipo

Tangu kampeni ya kusajili mizinga ianze, wafugaji wanatuuliza jambo lile lile: nyuki ni mdudu wa porini, nimsajili wa nini? Hatusajili nyuki. Tunasajili mahali mzinga ulipo na mtu wa kupigiwa simu. Nyuki huruka kilomita 3 au zaidi kutafuta chakula, na kundi dhaifu likiporwa asali na nyuki wa jirani, vimelea huondoka na wezi. Ugonjwa ukizuka, mkaguzi anahitaji kujua mizinga ya jirani iko wapi; hana nafasi ya kupita akibisha hodi nyumba kwa nyumba.

Kinachotuhangaisha zaidi ni uozo wa majana wa Kimarekani, ugonjwa wa bakteria unaoua majana, yaani watoto wa nyuki walio bado ndani ya masega. Spora, yaani chembe sugu za bakteria wake, huweza kukaa zaidi ya miaka 40 kwenye mbao na masega. Kuosha mzinga kwa maji moto na sabuni, kama mmoja alivyotueleza kwa kujiamini, hakusaidii kitu.

Utaratibu ni huu. Ukiona vifuniko vya majana vimebonyea na kutoboka, na kijiti ukikichomeka kinatoka kikivuta uzi wa kahawia, funga mzinga, usihamishe chochote, toa taarifa. Mkaguzi atachukua sampuli na kukuachia notisi ya zuio kwa maandishi. Kuanzia unapoipokea, si unapoisoma, hakitoki kitu manzukini, yaani mahali pa mizinga: si nyuki, si fremu za masega, si bomba la kufukizia nyuki moshi. Maabara ikithibitisha, kundi huuawa jioni nyuki wote wakiwa wamerudi, kisha fremu na masega huteketezwa ndani ya shimo na kufukiwa. Shimo ni la lazima, kwa sababu asali inayochuruzika juu ya ardhi huwaita nyuki wengine. Zuio huondolewa baada ya ukaguzi wa pili, kwa maandishi pia. Kuficha ugonjwa, kumzuia mkaguzi na kuhamisha mizinga iliyozuiwa ni makosa matatu, kila moja na adhabu yake, na mtu mmoja anaweza kushtakiwa kwa yote. “Nilihamisha mitatu tu” si utetezi.

Kuhusu kundi lililohama, sheria za nchi hutofautiana. Warumi wa kale walihesabu kundi kuwa lako maadamu unaliona na unaweza kulifuata. Sheria ya kiraia ya Ujerumani, inayotumika tangu 1900, humruhusu mwenye nyuki kuingia kwenye ardhi ya mwingine akiwafuata, ila hulipia anachoharibu. Akiacha kufuata, kundi halina mwenyewe. Kwako, soma sheria yako kwanza, na hata ikikuruhusu, piga hodi.

Malkia wa kuagizwa kutoka nje bila cheti cha afya hukamatwa mpakani. Si ukali mpya: Marekani ilizuia nyuki waliokomaa kutoka nje kwa sheria ya 1922, ikihofia utitiri unaoishi kwenye njia za hewa za nyuki.

Na aliyekwisha kujisajili, akihamisha mizinga, atupe anwani mpya. Mwezi uliopita mkaguzi wetu alifika kwenye manzuki akakuta uwanja wa mpira.